Karatasi Kwanza, Farasi Baadaye: Vidokezo 12 vya Kujenga Mabanda na Uwanja wa Farasi Kitale na Bungoma

Mwambie jirani wa Kiminini kwamba unataka kufuga farasi, naye atakuuliza: wa kupiga picha ama wa nini? Wengi wetu tumewaona farasi kwenye maonyesho ya kilimo, wakizungusha watoto kwa malipo kidogo. Lakini farasi si wageni huku. Walowezi waliogawiwa mashamba ya Trans Nzoia walikuwa nao hata kabla reli haijafika Kitale mwaka 1926, na hali ya hewa ya mita 1,900 juu ya bahari inawakubali vizuri. Siku hizi mwenye ekari kumi karibu na Endebess, au aliyerithi shamba Tongaren, anaweza kuwaza shule ya kupanda farasi, mapumziko ya wikendi, au farasi wawili tu wa watoto wake.

Wazo ni zuri. Shida huanza pale fundi anapoitwa kabla ya afisa wa mipango. Nguzo zikishasimama, kila ofisi utakayoingia itakuuliza swali moja: nani alikuruhusu? Vidokezo hivi 12 vitakusaidia ufike huko ukiwa na jibu mkononi.

1. Amua: farasi ni wako au ni wa biashara?

Swali hili ndilo linaloamua mengine yote. Mabanda mawili ya farasi wako nyuma ya nyumba ya shamba bado yako ndani ya ufugaji, na ardhi inabaki ya kilimo. Ukianza kutoza watu ada ya masomo, kuweka maegesho ya magari, mkahawa mdogo na choo cha wageni, hilo ni jambo jingine. Utahitaji idhini ya kubadilisha matumizi ya ardhi, pamoja na leseni ya biashara ya kaunti ambayo hulipiwa kila mwaka.

Usijidanganye kwamba mabanda ya nyumbani hayahusiki na ruhusa. Sheria ya Mipango ya Ardhi na Matumizi Yake ya mwaka 2019 inahesabu kuwa ni uendelezaji kazi yoyote ya ujenzi juu ya ardhi na badiliko lolote kubwa la matumizi. Anayeanza bila ruhusa ya kaunti anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, kufungwa kwa muda usiozidi miezi miwili, au vyote viwili. Kaunti pia inaweza kukuamuru urudishe ardhi ilivyokuwa.

Ushauri wa bure: kama una nia ya biashara baada ya mwaka mmoja au miwili, iseme tangu mwanzo. Kuomba mara moja ni rahisi kuliko kurudi kueleza kwa nini "farasi wa familia" wana kibao cha bei langoni.

2. Hakikisha uko kaunti gani

Katiba ya 2010 iliziachia kaunti mipango ya ardhi, upimaji, mipaka na uzio, ufugaji, na hata udhibiti na ustawi wa wanyama. Kwa hiyo mlango wako mkuu ni ofisi ya mipango ya kaunti: Kitale kwa Trans Nzoia, mjini Bungoma kwa Kaunti ya Bungoma. Ukitoka Webuye kwenda Kitale, ukapita Kamukuywa kuelekea Kiminini, umebadilisha kaunti, na pamoja nayo umebadilisha bunge, sheria ndogo na orodha ya ada.

Kila kaunti hupitisha Sheria ya Fedha ya mwaka, na humo ndimo ada za kupitisha ramani huandikwa. Omba kuiona. Kiasi alichotozwa rafiki yako wa Kimilili hakikuhusu wewe wa Saboti. Lipa kwa njia rasmi ya kaunti tu, na risiti uitunze kama hati miliki.

Uliza pia kama shamba lako limeingizwa ndani ya mipaka ya manispaa. Kitale, Bungoma na Kimilili zina manispaa zake, na shamba ulilolijua tangu utotoni kuwa la kijijini huenda leo liko upande wa mji kwenye mpango wa matumizi ya ardhi. Kama eneo hilo limepangiwa makazi ya watu wengi, maombi ya mabanda ya mifugo yatakuwa na kazi ngumu. Mpango wenyewe ni wazi kwa umma, kwa hiyo kausome kabla ya kuomba.

3. Fuata hati hadi kwenye mzizi

Hapa ndipo ndoto nyingi za Trans Nzoia na Bungoma hukwama, kwa sababu historia ya ardhi ya kaunti hizi mbili haifanani.

Trans Nzoia ilikuwa sehemu ya nyanda zilizotengewa Wazungu. Baada ya uhuru, mashamba yale yalichukua njia tofauti. Mengine yalikwenda kwa Shirika la Maendeleo ya Kilimo, ADC, lililoundwa mwaka 1965. Mengine yaligawanywa kwa mipango ya makazi, na mengine yakanunuliwa na watu waliochanga pesa katika kampuni na vyama vya ushirika. Ndiyo maana hadi leo kuna wenye "hisa" na kadi ya uanachama, wanaolima na kujenga, lakini hawana hati yenye jina lao. Kadi ya hisa haitakupitishia ramani.

Bungoma nayo, nje ya maeneo ya makazi kama Tongaren, ina ardhi nyingi ya ukoo iliyogawanywa kwa mdomo. Baba alionyesha mipaka kwa miti na mifereji, ndugu wakakubaliana, lakini hati bado ina jina la babu aliyefariki zamani. Kabla ya farasi, hapo pana kesi ya mirathi: barua za usimamizi, kisha kuthibitishwa na mahakama, ambako kwa kawaida hakuwi chini ya miezi sita. Anza hiyo mapema, na wahusishe ndugu wote, hata yule wa Nairobi asiyepokea simu.

Kisha fanya upekuzi rasmi kwenye ofisi ya ardhi ili ujue mwenye hati, ukubwa, na kama kuna mkopo au zuio. Mwite mpima ardhi mwenye leseni atafute bikoni. Kama shamba linatozwa kodi ya ardhi, lipa madeni upate cheti cha kutodaiwa.

4. Ukinunua au ukikodi, usiiruke bodi

Ardhi ya kilimo ina mlinzi wake: Bodi ya Udhibiti wa Ardhi, chini ya sheria ya mwaka 1967. Kuuza, kukodisha, kugawanya au kuweka rehani kunahitaji idhini ya bodi, na maombi hupelekwa ndani ya miezi sita tangu mapatano. Bila idhini hiyo, mapatano huwa batili hata kama mlipeana pesa mbele ya wazee na mkapiga picha.

Kwa mkodishaji wa uwanja wa farasi hili ni zito zaidi. Unaweza kumwaga mchanga na kujenga mabanda sita juu ya ardhi ya mtu, kisha mtoto wake akaja na wakili. Andika mkataba, upitishe bodi, na uhakikishe unaruhusu ujenzi na matumizi unayoyataka. Mwenza wa ndoa wa mwenye shamba naye aweke sahihi.

Kama mshirika wako si raia wa Kenya, mapema ajue mambo mawili. Katiba inampa ardhi kwa ukodishaji usiozidi miaka 99, na bodi hairuhusu ardhi ya kilimo kuhamia kwa asiye raia ila kwa msamaha maalumu wa serikali.

5. Chora vipimo vya kweli

Uwanja kamili wa mazoezi ni mita 20 kwa 60, ule mdogo mita 20 kwa 40. Kwa lugha ya huku, uwanja mkubwa ni mita za mraba 1,200, yaani unameza ploti zaidi ya mbili na nusu za futi hamsini kwa mia. Hiyo ni karibu theluthi ya ekari iliyokuwa ikitoa mahindi. Kama ekari zako ni mbili, anza na mdogo.

Banda la farasi mkubwa ni futi 12 kwa 12, mlango upana wa mita 1.2 hivi, paa la juu lenye kupitisha hewa. Mabati yakiwa chini, farasi wataungua mchana wa Januari, na mvua ya mawe ya Kitale ikipiga watajitupa ukutani. Ongeza stoo ya nyasi kavu iliyo kando ya mabanda, kwa sababu ya moto, chumba cha matandiko, chumba cha saisi, na choo.

Viweke vyote kwenye mchoro mmoja wa shamba zima, hata vile utakavyojenga mwaka ujao. Afisa akiona picha nzima ataelewa magari yatapita wapi na maji ya mvua yataelekea wapi. Ukimpelekea banda moja moja kila mwezi, atafikiri unamficha kitu.

6. Kaa mbali na mto, na mbali na kinamasi

Kwenye ramani, ukingo wa Koitobos, Sabwani, Kuywa au Nzoia unapendeza: nyasi mbichi, maji karibu, mandhari ya wageni. Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 zinakataza uendelezaji kwenye kingo za mito. Eneo linalolindwa halipungui mita 6 wala halizidi mita 30 kila upande, kutegemea upana wa mto, likipimwa kutoka kiwango cha juu kabisa cha mafuriko. Mkaguzi hatapima kutoka maji yalipo mwezi wa Februari.

Kinamasi kina sababu ya pili, nayo inagusa uhai wa farasi wenyewe. Ugonjwa wa farasi wa Afrika huenezwa na usubi, wadudu wadogo kuliko mbu wanaozaliana kwenye udongo chepechepe wenye samadi na kuuma kuanzia machweo hadi alfajiri. Farasi wengi wanaougua hufa, ilhali punda na pundamilia kwa kawaida huonyesha dalili chache sana. Chagua mwinuko unaopata upepo, weka nyavu laini madirishani, walaze farasi ndani usiku, na umwone daktari wa mifugo kuhusu chanjo kabla ya mvua. Kwa upande wa Bungoma unaoelekea Busia, muulize pia kuhusu ndorobo na ugonjwa wa nagana.

Kama uko jirani na Saiwa, hifadhi ndogo ya taifa iliyotangazwa mwaka 1974 kwa ajili ya swala wa majini aitwaye nzohe, au umepakana na msitu wa Mlima Elgon, tarajia maswali ya Shirika la Wanyamapori au la Misitu. Nenda kwao kabla hawajaja kwako.

7. Zungumza na majirani kabla bango halijasimama

Maombi ya kubadilisha matumizi ya ardhi hutangazwa kwa umma, kwa bango shambani na kwa tangazo gazetini. Jirani akijua mipango yako kwa kusoma bango, mara nyingi atapinga, hata kama hana neno na farasi. Atakuwa amekasirika kwa kutoambiwa.

Pitia kwa mzee wa mtaa na naibu wa chifu. Waeleze majirani mambo manne: samadi itakwenda wapi, vumbi litazuiwaje, taa zitazimwa saa ngapi, na farasi akitoroka na kula mahindi nani atalipa. Hilo la mwisho ndilo watu watalikumbuka. Andika makubaliano, weka sahihi, na uyaambatishe kwenye maombi. Kama kuna kanisa au shule jirani, panga ratiba isigongane na ibada wala mitihani.

8. Wape kazi wenye muhuri

Kijana anayechora vizuri kwa kompyuta hapo mjini ni hodari, lakini kaunti inataka michoro ya majengo yenye muhuri wa msanifu aliyesajiliwa, na ripoti ya mabadiliko ya matumizi kutoka kwa mpangaji aliyesajiliwa. Kwa paa pana lisilo na nguzo katikati, kama la uwanja uliofunikwa, mhandisi wa miundo ni lazima.

Omba namba ya usajili na uithibitishe kwenye bodi husika. Kisha uliza swali moja la ziada: umewahi kupitisha majengo ya mifugo katika kaunti hii? Aliyewahi atajua kwamba afisa wa afya ya umma ataangalia choo, mifereji na nzi kabla ya kuangalia uzuri wa paa.

9. Peleka maombi mwezi wa Agosti, kisha hesabu siku

Kwa nini Agosti? Ujenzi wa uwanja unataka ukavu. Mvua za Kitale huanza Machi au Aprili na kuendelea hadi karibu na Novemba, na murramu uliomwagwa kwenye tope hautashindilika. Ukiomba Agosti, utakuwa na majibu wakati watu wanavuna mahindi, na mafundi wataingia kazini Desemba hadi Februari.

Utaratibu wenyewe ni huu. Maombi huenda kwa waziri wa kaunti anayehusika na ardhi kupitia idara yake ya mipango. Ndani ya siku 7 nakala hupelekwa kwa idara na mashirika yanayohusika, nayo hupewa siku 14 za kutoa maoni. Usipopata jibu la maandishi kwa siku 60, sheria inachukulia kwamba ruhusa imetolewa.

Kipengele hicho cha siku 60 ni ngao, usikifanye mkuki. Kitakufaa ikiwa una nakala iliyogongwa muhuri wa tarehe ya kupokelewa, maombi yaliyokamilika, na risiti ya ada. Siku hizo zikipita, andika barua ya heshima kukumbusha tarehe na kifungu, upate muhuri tena, ndipo umwite fundi. Na kumbuka kwamba ukimya wa kaunti haukupi leseni ya mazingira, wala kibali cha maji, wala cha barabara.

10. NEMA, maji na samadi ziwe kwenye faili moja

Tangu marekebisho ya mwaka 2019, miradi hugawanywa na Mamlaka ya Kitaifa ya Kusimamia Mazingira, NEMA, kuwa ya hatari ndogo, ya kati na kubwa. Kituo kidogo cha farasi hakiwezi kulinganishwa na kiwanda, lakini usijipangie daraja mwenyewe. Mtaalamu wa mazingira mwenye leseni ataandika ripoti inayofaa, na ofisi ya NEMA ya kaunti ndiyo itakayosema kama inatosha.

Ripoti itauliza mambo mawili makubwa. La kwanza ni maji. Farasi mmoja hunywa lita 25 hadi 50 kwa siku, na uwanja wa mchanga nao hunyunyiziwa wakati wa kiangazi ili vumbi litulie. Kisima kirefu kinahitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, hata ukichimba ndani ya ua wako. Matangi ya maji ya mvua kutoka kwenye paa la mabanda ni rahisi zaidi, na maafisa huyapenda.

La pili ni samadi. Farasi mmoja hutoa kilo 20 au zaidi kwa siku, kwa hiyo farasi sita watakuachia zaidi ya tani 40 kwa mwaka. Onyesha kwenye mchoro shimo la sakafu ya saruji lenye kuta na paa, lililo chini ya upepo na mbali na kisima. Onyesha pia nani ataichukua samadi hiyo. Katika nchi ya mahindi hutakosa mteja. Barua ya wakulima watatu wanaosubiri mbolea itafanya kazi kuliko kurasa kumi za maelezo.

11. Lango, uzio, kisha jenga kama ulivyochora

Kama lango lako linafungua kwenye barabara kuu, mfano ile ya Webuye hadi Kitale, omba ruhusa ya Mamlaka ya Barabara Kuu, KeNHA. Kwa barabara za mashambani ni mamlaka yake, KeRRA. Usijenge ndani ya hifadhi ya barabara wala chini ya nyaya za umeme mkubwa. Trela ya kubeba farasi hugeuka polepole, kwa hiyo weka lango ndani kidogo ili lori la miwa lisikukute umekatiza njia.

Uzio wa seng'enge yenye miiba, ule uliozoeleka kwa ng'ombe, haufai kwa farasi. Akishtuka hukimbia bila kuangalia, na miiba humpasua kifua. Tumia mbao au waya laini unaoonekana, na uuandike hivyo kwenye michoro.

Ruhusa ikishatoka, sajili mradi kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA, na umchukue mkandarasi aliyesajiliwa nayo. Kanuni mpya za kitaifa za ujenzi za mwaka 2024, zilizoanza kutumika Machi 2025, zimechukua nafasi ya zile za mwaka 1968, kwa hiyo michoro ya zamani ya kunakili haifai tena. Mwite mkaguzi wa kaunti katika kila hatua: msingi, kuta, paa. Uwanja wenyewe uwe na mfereji, murramu ulioshindiliwa, mteremko wa asilimia moja au mbili, na mchanga wa sentimita 10 hivi juu. Mchanga ununue kwa mwenye kibali cha kuchimba, risiti uweke.

Usibadilishe paa au kuongeza banda la saba kwa sababu fundi amebaki na matofali. Badiliko dogo lisilopitishwa linaweza kukukosesha cheti cha kuhamia, na bila cheti hicho kampuni ya bima itapata sababu ya kukataa dai lako siku mgeni akianguka.

12. Ukikataliwa, pambana kwa karatasi

Jibu la "hapana" lina sababu zake, na una haki ya kupewa sababu hizo kwa maandishi. Mara nyingi ni kitu cha kurekebisha: shimo la samadi limekaribia nyumba ya jirani, au maegesho hayatoshi. Rekebisha, peleka tena.

Ukiona umeonewa, una siku 14 tangu uamuzi kukata rufaa kwa Kamati ya Upatanishi ya Mipango ya Ardhi ya kaunti, ambayo nayo hupewa siku 14 kusikiliza na kuamua. Baada ya hapo kuna Mahakama ya Mazingira na Ardhi, iliyo na vikao Kitale na Bungoma. Ukiletewa notisi ya kusimamisha ujenzi, simamisha siku hiyo hiyo hata kama saruji imeshachanganywa, kisha ukate rufaa. Anayeendelea kujenga usiku huwa ametoa ushahidi dhidi yake mwenyewe. Majirani wanaopinga nao wana haki ya rufaa hiyo hiyo, na ndiyo maana kidokezo cha saba kinakuja kabla ya hiki.

Usinunue farasi hata mmoja kabla faili haijakamilika. Farasi anakula kila siku, anahitaji saisi na daktari, na kumsafirisha kunataka kibali cha afisa wa mifugo. Akishafika, utajenga kwa haraka, na haraka ndiyo inayowaingiza watu kwenye makosa yote yaliyotajwa hapa. Wiki hii chukua nakala ya hati, mchoro wa mkono wa shamba lako na daftari, uende kwenye ofisi ya mipango ya kaunti yako, uombe orodha ya mahitaji kwa maandishi. Safari hiyo haina ada.